Nyumba ni yangu, kwa nini nisimchague mpangaji nimtakaye?

BARUA

Mheshimiwa Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mjane wa miaka 61, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Marehemu mume wangu, aliyefanya kazi bandarini kwa miaka mingi, alituachia jumba la ghorofa moja lenye nyumba saba za chumba kimoja na sebule. Mimi na binti zangu wawili tunaishi katika nyumba moja ya chini, karibu na lango, na hizo sita nyingine nazipangisha kwa shilingi 9,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo riziki yangu, na ndimo inamotoka karo ya mjukuu wangu.

Mwezi uliopita nyumba moja ya juu ilibaki wazi. Kama ilivyo desturi yangu, nilichukua kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu nene: "Nyumba iko wazi. Familia ya Kiislamu pekee. Wasioolewa hapana." Nikakifunga langoni kwa waya, nikaandika chini yake nambari ya dalali ambaye amenitafutia wapangaji tangu mume wangu akiwa hai.

Kumbe alipiga simu mama mmoja muuguzi, mwenye mtoto wa miaka minne. Dalali alimuuliza jina, naye akataja majina yake matatu, ambayo ni ya watu wa bara. Akamuuliza mume yuko wapi, akajibiwa kwamba mume hayupo. Hapo dalali akamwambia nyumba imeshachukuliwa jana yake. Siku mbili baadaye mwenzake wa kazini, binti wa Kilifi, alipiga kwa nambari nyingine akaulizia nyumba ile ile, akaambiwa aje hata jioni hiyo kuiona. Sasa nimeletewa barua ya wakili. Ndani yake mna picha ya kibao changu na jumbe za WhatsApp za dalali, na inanitaka niombe radhi na kulipa fidia katika siku 14. Leo ni siku ya tano.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa chuki. Nimezaliwa Mombasa, nimesoma na kula na watu wa kila kabila. Lakini nimeumia. Kulikuwa na kijana mmoja asiyeoa aliyekuwa akirudi usiku akiwa amelewa, akavunja kioo cha ngazini, kisha akahama alfajiri na kodi ya miezi mitatu yangu. Baada yake alikuja mwanamke asiye na mume, na wageni wake wawili walipigana ngazini saa saba za usiku hadi majirani wakatoka nje. Tangu hapo nikasema basi, nitachukua familia zilizotulia na za dini yangu.

Naomba uniambie: nyumba hii si yangu? Dini yangu hainiruhusu kuchagua nani aishi ndani ya ua wangu pamoja na binti zangu? Kosa la dalali linakuwaje langu? Na kama sitakiwi kuchagua, ina maana nimchukue yeyote anayebisha hodi? Nyongeza ya mwisho: mpangaji wangu mmoja wa chini, mzee aliyepata kiharusi na sasa anatumia kiti cha magurudumu, anaomba kuwekewa mteremko mahali pa zile daraja mbili za mlangoni pake. Mwanangu wa kiume anasema ni bora atafute nyumba nyingine inayomfaa. Nawe wasemaje?

Mwenye nyumba, Kisauni.

JIBU

Waalaykum salaam, Bi. Mkubwa, na pole kwa fadhaa iliyokufika.

Nianze na lile lisilongoja. Umebakiwa na siku tisa. Tafuta wakili wako mwenyewe wiki hii, umpelekee ile barua pamoja na kila ulichonacho, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa safu na jibu langu haliwezi kusimama mahali pa ushauri wa mtu aliyeiona karatasi yenyewe. Usimpigie simu yule muuguzi, hata kama nia yako ni njema, kwa sababu neno moja litakalotoka kwa hasira litaongezwa katika faili. Usifute jumbe zozote na umwambie dalali naye asifute. Jumbe za simu hupokelewa mahakamani kama ushahidi zikiandamana na hati ya kuzithibitisha, na anayeonekana kuzifuta hujiongezea shaka. Na ikiwa nyumba bado iko wazi, ningekuwa wewe nisingeharakisha kumpa mtu mwingine kabla ya kuzungumza na wakili, kwani huenda suluhisho la upole kuliko yote likawa ni kumwandikia yule mama kupitia wakili wake, kumwomba radhi waziwazi na kumpa nafasi ya kuiomba nyumba hiyo kwa masharti yale yale ya mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwa swali lako kubwa. Nyumba ni yako, na Katiba ya 2010 inakulinda katika Kifungu cha 40 kuhusu haki ya kumiliki mali. Hakuna anayeweza kukulazimisha kupangisha. Ungeamua kuiacha ile nyumba ya juu imefungwa, au kumpa binti yako aishi humo bure, hakuna wakili ambaye angekuandikia barua. Jambo hubadilika pale unapofunga kibao langoni, kwa sababu hapo umeita umma, na mtu aliyeitwa na kibao ana haki zake anapofika. Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba habari za ubaguzi katika Katiba zinaihusu serikali tu, yaani hospitali za umma, shule na ajira za kaunti. Sivyo. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, yaani ile sura ya Katiba inayotaja haki za kila mtu, inawafunga watu wote pamoja na vyombo vya dola, na Kifungu cha 27(5) kinamkataza mtu kumbagua mtu mwingine, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ile ile ambayo serikali imekatazwa.

Misingi yenyewe imetajwa katika 27(4): rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au ya kijamii, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa. Tena imetanguliwa na neno lenye maana ya "ikiwemo", kwa hiyo orodha haikufungwa. Hebu sasa ukitazame kile kipande cha boksi kwa jicho la wakili. "Familia ya Kiislamu pekee" ni dini. "Wasioolewa hapana" ni hali ya ndoa. Na dalali alipouliza jina, akasikia ni la bara, akabadilisha maneno, akaongeza kabila juu yake. Mambo matatu kati ya yale yaliyotajwa, katika tangazo moja na simu moja. Sikuambii haya ili nikuvunje moyo. Nakuambia ili ujue kwa nini wakili wa yule mama alitosheka na picha ya kibao na jumbe chache.

Kuhusu dini, swali lako ni la haki na nimelisikia Lamu, Malindi na hata kwa Wakristo wanaotaka "waliookoka tu". Katiba kweli imeiwekea Sheria ya Kiislamu nafasi yake: Kifungu cha 24(4) kinaruhusu masharti ya usawa yapunguzwe kwa kadiri inayohitajika kabisa ili Mahakama za Kadhi zitumie sheria hiyo kwa Waislamu. Lakini mambo yaliyotajwa humo ni manne tu, nayo ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mkataba wa kupangisha nyumba haumo. Kwa upande mwingine Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe haki yoyote kwa sababu ya imani yake. Kuna pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, ambayo inacho kifungu mahsusi kuhusu ubaguzi katika umiliki, usimamizi na utoaji wa mali. Sheria hiyo inapozungumzia kundi la kikabila haimaanishi Mkamba na Mgiriama pekee, bali pia watu wanaotambulika kwa rangi, dini au asili ya taifa. Kwa hiyo jirani yako anayesema "Wasomali hapana" na yule anayesema "Waislamu hapana" wanasimama mahali pamoja na wewe, ingawa kila mmoja anadhani sababu yake ni tofauti.

Dalali je? Bi. Mkubwa, dalali ni ulimi wako uliokodishwa. Nambari yake uliiandika wewe, maneno ya kuchuja yalikuwa yako, na faida ya kazi yake ni yako. Anaweza kubeba lawama yake mwenyewe, lakini hilo halikuondolei yako. Wenye nyumba wengi hupenda dalali awafanyie kazi chafu ya kukataa watu ili wao wabaki na mikono safi. Ukiendelea naye, mpe maagizo kwa maandishi: asiulize kabila, dini, ndoa wala ujauzito; asiseme nyumba imechukuliwa ilhali haijachukuliwa; na amwonyeshe kila anayetaka kuiona. Akikataa kufuata, mtafute mwingine.

Nakuja sasa kwenye hofu yako, ambayo naona ndiyo kiini cha barua. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini angalia ulichoumizwa nacho hasa. Kijana yule alilewa, akavunja kioo na kukimbia na kodi. Mwanamke yule alikuwa na wageni waliopigana. Kinachokuuma ni ulevi, uharibifu, deni na fujo, nawe badala ya kufunga mlango huo ukafungia watu wasiooa, watu wasioolewa na watu wa dini nyingine, kana kwamba hakuna mume mwenye nikahi yake anayelewa wala familia ya Kiislamu inayohama usiku na kodi ya watu. Nakuhakikishia wapo. Mwenye nyumba mmoja ninayemfahamu, huko Likoni, alichuja kwa kibao kama chako kwa miaka kumi, na deni lake kubwa kuliko yote aliachiwa na bwana mwenye wake wawili aliyekuwa akiswali naye safu moja.

Kuchagua huruhusiwi kwa sura ya mtu na asili yake. Kwa mwenendo na uwezo wake unaruhusiwa kabisa, na hapo uwanja ni mpana kuliko unavyodhani. Kaa chini na karatasi kabla nyumba haijatangazwa, uandike masharti ambayo ungemwekea hata mtoto wa dada yako. Kodi ni 9,500, hulipwa kabla ya tarehe 5. Dipoziti ni ya mwezi mmoja, kwa kila mtu, si mwezi mmoja kwa jamaa na miezi mitatu kwa usiyemwelewa lafudhi. Mwombaji aonyeshe kwamba kodi ataimudu. Atoe nambari ya mwenye nyumba wake wa zamani, nawe upige kweli, uulize maswali mawili tu: alikuwa akilipa kwa wakati, na aliiacha nyumba katika hali gani? Ungempigia mwenye nyumba wa yule kijana mlevi, pengine ungekijua kioo chako kabla hakijavunjika.

Ulevi nao una sharti lake. Unaweza kuandika katika mkataba kwamba pombe hainywewi uani, ngazini wala darini, na kwamba anayerudi akaleta fujo atapewa onyo la maandishi na baadaye notisi. Sharti hilo halimtaji mtu wa dini yoyote, ila sharti ni uliweke mbele kabla mtu hajalipa, na umwandikie onyo hata mtoto wa imamu akilivunja. Wageni vivyo hivyo. Ukisema "mwanamke asiye na mume asilaze mgeni", umerudi ulikotoka. Ukisema kwamba mgeni wa kulala zaidi ya siku kadhaa aarifiwe kwako, na kwamba kelele zikome saa nne za usiku, umesema jambo la haki, mradi ukumbuke kwamba mashemeji saba wa mpangaji wako mwenye ndoa, wanaokuja na magunia ya nazi na kukaa mwezi mzima, nao ni wageni.

Kuna mtego hapa ambao watu waangalifu huingia bila kujua. Katiba imetaja pia ubaguzi usio wa moja kwa moja, nao ni lile sharti linaloonekana limenyooka kwa wote lakini likitumika linawatoa watu wa aina fulani. Mfano wa mtaani kwetu ni kutaka mwombaji alete barua ya imamu wa msikiti. Hukuandika popote kwamba unataka Waislamu, lakini muuguzi yule ataitoa wapi? Barua ya mwenye nyumba wa awali, ya mwajiri au ya mzee wa mtaa itakueleza tabia ya mtu bila kumuuliza anaswali wapi. Hati ya mshahara nayo, ukiishikilia peke yake, itamtoa mama anayeuza mahamri na viazi karai, ingawa taarifa zake za M-Pesa za miezi mitatu zingekuonyesha kwamba kipato chake hakikatiki. Kubali njia zaidi ya moja ya kuonyesha uwezo. Na watoto usiwahesabu kama mzigo wa aina yake: weka idadi ya watu kwa kadiri ya chumba, tangi la maji na choo, iwe ni sawa kwa wazee wanne au kwa mama na watoto watatu.

Hili lifuatalo nakuomba ulifanye hata kama utayasahau mengine. Nunua daftari la mistari, lile la kawaida la dukani. Kila anayepiga simu au kufika langoni, andika tarehe na saa, jina alilojitambulisha nalo, nyumba aliyoulizia, siku aliyoiona, alicholeta na jibu ulilompa pamoja na sababu yake. Wa kwanza kutimiza masharti ndiye anayepewa. Ukimkataa wa tatu kwa sababu mwenye nyumba wake wa zamani amesema alibakiza deni la miezi miwili, liandike hivyo siku hiyo hiyo kwa wino. Binti yako anaweza kukuandikia. Siku barua nyingine ya wakili itakapoletwa, daftari litaonyesha kwamba nyumba ilitolewa saa nne asubuhi kwa mtu wa pili na aliyelalamika alipiga saa nane mchana. Bila daftari una maneno yako tu dhidi ya maneno yake, nawe umeshaona jumbe zilivyo na nguvu kuliko maneno.

Kwenye simu, jibu liwe moja kwa wote, hata likikuchosha: nyumba iko wazi, kodi ni kiasi hiki, masharti ni haya, njoo uione siku fulani. Nilipokuwa msichana nikitafuta chumba changu cha kwanza, mama mmoja alinikaribisha barazani, akaniletea maji, akaniuliza nimetoka wapi na baba yangu anaitwa nani. Nilipomjibu, akatazama glasi yangu kana kwamba anajuta kuniletea, kisha akasema chumba ni cha mpwa wake. Nakumbuka maji yale yalikuwa na karafuu. Hakunitukana hata neno moja, na mpaka leo nikipita mtaa ule huvuka barabara. "Umeolewa?" na "Wewe ni mtu wa wapi?" ni maswali ya heshima na mazoea kwetu pwani, lakini mtu anayetafuta nyumba huyasikia kwa sikio jingine. Uliza badala yake: watakaolala humu ni wangapi, na mnataka kuingia lini?

Umesema unaishi humo humo pamoja na binti zako, na hoja hiyo ina uzito wake. Marekani, kwa mfano, sheria yao ya makazi ya 1968 inamlegezea kidogo mwenye nyumba anayeishi katika jengo lisilozidi familia nne, ingawa hata huyo haruhusiwi kutangaza kwamba hataki watu wa dini au rangi fulani. Katiba yetu haikuchora mstari wa namna hiyo. Maoni yangu ni kwamba kama ungekuwa unapangisha chumba ndani ya nyumba unayolala, mkitumia choo na jiko moja na binti zako, ungekuwa na sababu ya faragha ya kutaka mpangaji mwanamke, na sababu hiyo ungeweza kuieleza mbele ya hakimu bila kuona haya. Lakini nyumba ya juu ina mlango wake, choo chake na jiko lake. Mnachoshiriki ni ngazi na ua, na mambo ya ngazi na ua yanatengenezwa kwa masharti ya mwenendo. Na kwa kweli, kwa mwenye mabinti wawili nyumbani, muuguzi na mtoto wake wa miaka minne ni jirani wa kuombewa.

Mpangaji akishaingia, usawa unaendelea. Bomba la mpangaji wa dini yako likitengenezwa siku hiyo hiyo na la mwingine likangoja mwezi, au kodi ikipandishwa kwa mmoja na kuachwa kwa mwenziwe mwenye nyumba ya ukubwa ule ule, swali litakuwa lile lile la leo. Nakala za vitambulisho ulizo nazo zifungie kabatini, zisizunguke katika makundi ya WhatsApp ya madalali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya, imani, asili ya kikabila, ndoa na familia ya mtu kuwa data nyeti, na njia nyepesi ya kuepuka kuzilinda ni kutoziuliza. Na ukisikia uvumi kwamba mpangaji fulani anatumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, uuache upite. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kunyimwa makao kwa sababu tu ya hali yake ya HIV, iwe ya kweli au ya kudhaniwa.

Nimemwacha mzee wa chini mwisho, ingawa yeye ndiye rahisi kuliko wote. Mwanao amekosea. Kumwambia mpangaji anayelipa kodi yake ahame kwa sababu amepata ulemavu ni ubaguzi ule ule uliotajwa katika Kifungu cha 27, tena ungekuwa na kesi ya pili kabla ya ya kwanza kumalizika. Ombi lake ni dogo: daraja mbili, mteremko wa saruji na kokoto, kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Zungumzeni kuhusu gharama. Akiwa na uwezo na amejitolea kulipa, mkubalie kwa maandishi. Akiwa hana, mimi ningelipa nusu. Mwambie fundi asiuweke wima, kwa sababu mteremko mkali humrudisha mtu wa kiti nyuma na mvua ya masika huufanya uteleze. Auanzie mbali na mlango, auache na mikwaruzo juu kabla saruji haijakauka, na upana wake uzidi kidogo ule wa kiti. Mpime kiti chenyewe kwa futi kabla fundi hajachanganya saruji.

Kibao cha langoni kiondoe leo, lakini usikitupe, mpelekee wakili wako. Kipya, wakati wake ukifika, kiandikwe: "Nyumba iko wazi. Chumba kimoja na sebule, ghorofa ya kwanza. Kodi Sh 9,500, dipoziti mwezi mmoja. Masharti yamebandikwa ndani ya lango. Piga simu kuja kuiona." Na nambari itakayokuwa chini yake iwe yako mwenyewe.